Oili Nzito Si Oili Baridi

Mwenye Volkswagen Beetle akiingia duka la vipuri kuulizia oili, mara nyingi muuzaji hulitazama gari lililoegeshwa nje, kisha huishusha galoni ya 20W-50 bila kuuliza swali la pili. Hoja yake inaeleweka: gari ni kuukuu, nchi ni ya joto, injini haina maji, basi iwekewe oili nzito. Mwongozo huu unaipinga hoja hiyo, ingawa hauipingi kila mara galoni yenyewe. Ninachodai ni kwamba injini inayopozwa kwa upepo huchaguliwa oili kwa kuangalia mambo mawili, yaani jinsi oili inavyolitoa joto ndani ya injini na jinsi inavyoilinda kamshafti, na kwamba uzito ukizidi kiasi huharibu la kwanza bila kusaidia la pili. Nitaegemea injini ya Beetle, ile ya silinda 4 zilizolala mbili huku na mbili huku, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kuliko zote. Hadi gari la mwisho linatoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 21, na huku kwetu ilijipatia jina mapema, maana ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Kombi ya zamani inatumia injini ya ukoo huohuo. Mwenye Citroën 2CV au Fiat 500 ya zamani atakuta sehemu kubwa ya maelezo haya inamhusu. Mwenye Porsche 911 ya zamani afuate kitabu cha gari lake, kwa sababu ile ina tangi la oili la pembeni na ujazo mkubwa mno kulinganishwa na hizi.

Tuanze na ujazo. Injini ya Beetle hujazwa oili lita 2.5 tu. Gari dogo la siku hizi hubeba oili zaidi ya hiyo, na juu yake lita kadhaa za maji ya rejeta ambayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya joto. Kwenye Beetle msaidizi huyo hayupo. Feni hupuliza upepo kwenye mapezi ya silinda na ya vichwa vyake, lakini upepo haufiki kwenye krenkshafti, wala kwenye beringi, wala chini ya pistoni. Huko ndani hufika oili peke yake. Hulizoa joto, hulishusha kwenye sampu ambayo nayo ina mapezi chini yake, kisha hupandishwa na pampu hadi kwenye kipoza oili, kile kirejeta kidogo kinachopulizwa na feni ileile. Kwa hiyo ukipungukiwa nusu lita umepoteza moja ya tano ya kipozeo cha ndani ya injini yako. Dereva wa gari la kisasa anaweza kupima oili mara moja kwa mwezi na asipatwe na lolote. Kwenye Beetle pima kila unapojaza petroli, gari likiwa tambarare na injini ikiwa imezimwa dakika chache.

Sasa fuata njia ya oili inapotoka kwenye pampu, kwa kuwa kiini cha hoja kipo hapo. Kabla ya kufika kwenye kipoza, oili hukutana na valvu ya shinikizo, ambayo ni kizibo kidogo cha chuma kinachokalia springi. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, shinikizo hukisukuma kizibo hicho chini kabisa. Kikiwa chini, hufungua njia mbili: moja hupeleka oili moja kwa moja kwenye beringi bila kupita kwenye kipoza, na nyingine huirudisha oili iliyozidi kwenye sampu. Injini inapopata joto na oili kulainika, springi hukipandisha kizibo, njia za mkato hufungwa, na oili yote hulazimika kupita kwenye kipoza. Waliobuni injini hii walikusudia hivyo, maana oili ya baridi kali ingeweza kukipasua kipoza kwa shinikizo. Lakini valvu hiyo haina kipimajoto. Inachokijua ni shinikizo tu. Ukimimina oili nzito kupita kiasi, ni kama unaiambia kwamba injini bado haijapata joto, nayo itaendelea kuipitisha sehemu ya oili kando ya kipoza muda mrefu kuliko inavyopaswa. Barabarani nako, pampu inapozunguka kwa kasi, oili nzito huweza kulipandisha tena shinikizo hadi kizibo kishuke kidogo, wakati ambao kipoza kinahitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Tusitie chumvi. Oili ikishafika nyuzi joto 100, hata 20W-50 hupita kwenye kipoza sehemu kubwa ya safari. Kasoro yake nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, iko kwenye beringi. Beringi hupozwa na oili inayopita kwenye upenyo mwembamba kati ya vyuma viwili. Oili nyepesi hupita nyingi, nzito hupita kidogo, na ile nzito yenyewe huzalisha joto la ziada kwa kusagika. Ndiyo maana geji ya shinikizo inaweza kumdanganya mtu: inasoma juu, moyo unatulia, kumbe shinikizo limepanda kwa sababu oili inakataa kupita. Shinikizo ni ishara ya ukinzani. Kinachoipoza injini ni mtiririko.

Namba za kwenye galoni zinaeleza jambo hilohilo ukizisoma vizuri. Kwa kipimo cha SAE, namba ya mwisho hutokana na mnato wa oili ikiwa na nyuzi joto 100. Oili ya 30 huwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Namba iliyofuatwa na W hutokana na majaribio ya baridi: oili ya 20W hujaribiwa kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ya 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Hakuna anayewasha gari Tanga katika baridi ya namna hiyo, kwa hiyo wengi huiona namba hiyo ya kwanza kuwa habari ya Ulaya. Hapo wanakosea kidogo. Chukua 15W-40 ya kawaida na 20W-50 ya kawaida, uzipime zikiwa na nyuzi 40, yaani injini ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupata joto. Ya kwanza itakuwa karibu na sentistoki 110, ya pili itazidi 150. Zipime tena kwa nyuzi 100, na tofauti itashuka hadi sentistoki 4 hivi. Kumbe uzito wa ziada ulioununua, mwingi wake unakujia asubuhi wakati huna kazi nao, na mchana unapouhitaji unabaki kidogo tu.

Kwa sababu hiyo pendekezo langu la kuanzia, kwa injini iliyo katika hali nzuri na isiyoongezewa nguvu, ni 15W-40. Nairobi, Iringa au Bukavu, ambako asubuhi za Julai zina ubaridi wa kutosha, sioni sababu ya kwenda juu zaidi. Mombasa na Dar es Salaam inatosha pia, mradi injini haijachoka.

Pingamizi la kwanza nalijua kabla halijasemwa: 20W-50 imetumika miaka nenda rudi na Beetle bado zinatembea. Ni kweli zinatembea, lakini ushahidi huo una upungufu. Tunazoziona barabarani ni zile zilizosalimika. Zilizokufa zimekwishakuwa vyuma chakavu na haziwezi kusimama kutoa ushahidi wao. Isitoshe, injini nyingi kati ya hizo zilizosalimika zimekwisha kulika. Upenyo kwenye beringi umepanuka, na kava la injini, ambalo ni la aloi ya magnesiamu, hutanuka sana likipata moto na kuzidisha upenyo huo. Injini ya namna hiyo kweli inahitaji oili ya 50, kwa sababu oili nyepesi itamwagika pembeni kabla haijawafikia walio mwisho wa foleni. Ninachokataa ni kumpa kila mgonjwa dawa ya mgonjwa mmoja. 20W-50 ni dawa nzuri ya injini iliyolika, na dawa hutanguliwa na vipimo.

Kipimo chenyewe si ghali. Kwenye kava la injini, karibu na distribyuta, kuna swichi ya taa ya oili. Fundi aifungue, afunge geji ya shinikizo mahali pake, kisha gari liendeshwe nusu saa hadi lipate joto kamili. Usisome geji asubuhi. Masomo ya asubuhi hayana maana yoyote katika shauri hili. Vitabu vya matengenezo vya Beetle hutaka angalau psi 28 injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, oili ikiwa na nyuzi 70, na jambo la kuzingatia ni kwamba kipimo hicho kiliwekwa kwa oili ya SAE 30, siyo ya 50. Mafundi wa injini hizi wana kanuni yao rahisi: psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto kabisa. Ukipata psi 25 hadi 30 kwa mizunguko 2,500 au 3,000 ukiwa na 15W-40, huna sababu ya kwenda kwenye oili nzito zaidi. Ukipata 15, nunua 20W-50 na uanze kuweka akiba ya kuifungua injini. Ukiwa na 20W-50 na geji ikabaki juu ya 60 hata injini ikiwa moto, oili yako ni nzito mno. Taa ya oili yenyewe usiitegemee kama geji, kwa kuwa huwaka shinikizo likiwa limekaribia kwisha. Ikiwaka ukiwa mwendoni, zima injini palepale, usisubiri ufike.

Kama unaweza, pima na joto. Kuna vijiti vya kupimia oili vyenye kipimajoto vinavyouzwa kwa ajili ya magari haya. Oili ikikaa kati ya nyuzi 80 na 110, injini iko salama. Ikipita 120, tafuta sababu, wala usiitafute dukani. Mabati yanayoongoza upepo kuzunguka silinda huondolewa na mafundi wenye haraka na hayarudishwi. Mpira unaoziba pengo kuzunguka injini hukauka na kuanguka, na hewa moto ya chini ya gari ikafyonzwa na feni. Mkanda wa feni hulegea. Taimingi ya moto huwekwa kwa kukisia. Kabureta huchanganya petroli kidogo na hewa nyingi. Mpanda wa kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 480, huyaumbua yote hayo, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani na feni husukuma hewa pungufu kwa mizunguko ileile. Injini yenye kasoro mojawapo kati ya hizo haiokolewi na oili ya aina yoyote.

Pingamizi la pili ni la uvujaji. Gari linadondosha oili, kwa hiyo liwekewe nzito. Oili nzito hupunguza matone gari likiwa limelala usiku, jambo linalofurahisha macho asubuhi. Likiwa moto barabarani, ambako ndiko oili nyingi hupotelea, nafuu hiyo huwa ndogo. Sehemu zinazovuja kwenye injini hii zinajulikana: sili za mirija ya pushrodi, gasketi za vifuniko vya valvu, sili kubwa ya upande wa flaiwili, na sili za kipoza oili. Nyingi ni mpira wa bei ndogo. Badilisha mpira.

Pingamizi la tatu lina heshima zaidi, maana linatoka kwenye kitabu chenyewe cha gari: kiwanda kiliagiza oili ya gredi moja, SAE 30 kwa nchi za joto, kwa nini tusifuate? Mtu anayetaka kufuata, afuate, sitamzuia. Oili ya gredi moja haina zile polima zinazoongezwa kwenye oili za gredi mbili ili zisilainike sana kwenye joto, na polima hizo hukatikakatika kadiri oili inavyosagwa, kiasi kwamba 20W-50 ya bei rahisi huweza kushuka daraja kabla ya muda wake wa kumwagwa. SAE 30 haina cha kukatika. Lakini oili za miaka ya 1960 siyo za leo. Wakati kitabu kile kinaandikwa, polima zilikuwa dhaifu, na gredi moja lilikuwa chaguo la tahadhari. 15W-40 nzuri ya siku hizi hutakiwa kushika mnato wake hata inaposagwa kwa kasi ikiwa na nyuzi 150, na kiwango cha chini kinachodaiwa na SAE katika jaribio hilo ni 3.7, sawa kabisa na kinachodaiwa kwa oili ya 50. Oili ya 30 hudaiwa 2.9 tu. Kwenye sehemu inayoteseka zaidi, basi, 15W-40 inaishinda ile ya kitabuni, na asubuhi inaiwahi beringi vilevile. Onyo moja: SAE 40 na SAE 50 za gredi moja, ambazo hupatikana kirahisi madukani, huwa nzito sana zikiwa baridi. Hizo zina ubaya wote niliouelezea, tena kwa kipimo kikubwa zaidi.

Uzito tumeumaliza, imebaki kemia, na hapa ndipo pana hofu nyingi kuliko maarifa. Kwenye injini ya zamani nundu za kamshafti husugua tapeti moja kwa moja, chuma kwa chuma, bila roda katikati. Presha kwenye mstari huo wa msuguano ni kubwa kiasi kwamba oili pekee hukamuliwa ikatoka. Kinachozuia vyuma visilane ni kiambato cha zinki na fosforasi kinachojulikana kwa herufi ZDDP, ambacho chini ya joto na msuguano hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Utando hulika badala ya kamshafti, kisha hujengwa tena. Magari mapya yana kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, kile chenye matundu kama sega la nyuki, na fosforasi inayoungua pamoja na oili hukichafua. Ndiyo sababu viwango vya API vilianza kuibana fosforasi. Daraja la SM, lililoanza 2004, liliishusha hadi asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, na madaraja yaliyofuata, SN ya 2010 na SP ya 2020, yaliendeleza msimamo huo.

Watu wengi huishia kusoma hapo na kutangaza kwamba oili zote za kisasa huua kamshafti. Mpaka wenyewe umewekwa kwa zile gredi nyepesi za kuokoa petroli; 15W-40 na 20W-50 haziguswi nao, na watengenezaji wako huru kuweka zaidi. Oili ya kuepuka unaitambua kwa macho: ina ile alama ya duara lenye miale kama ya jua mbele ya galoni, au namba yake inaishia na 20. Tena springi za valvu za Beetle ya kawaida ni laini, za mkunjo mmoja, kwa hiyo nundu zake hazionewi kama za injini kubwa za Kimarekani ambazo habari hizi za kutisha zilianzia kwazo. Aliyefunga kamshafti ya mashindano na springi mbilimbili, huyo ana sababu ya kuhangaika. Na mwenye injini iliyotoka kufungwa upya naye awe makini: dakika 20 za kwanza iende kwenye mizunguko kama 2,000, isiachwe ikinguruma taratibu, kwa kuwa kamshafti mpya hurushiwa oili kidogo sana kwenye mwendo wa chini.

Njia rahisi ya kupata zinki ya kutosha bila kulipia jina ni kusoma lebo ya oili za dizeli. Kwenye mfumo wa API, herufi inayoanza na S ni ya petroli na inayoanza na C ni ya dizeli, na galoni nyingi za 15W-40 hubeba zote mbili, kwa mfano CI-4/SL. Daraja la CI-4 halina mpaka wa fosforasi. CJ-4 na CK-4, zilizokuja baadaye, zina mpaka wa asilimia 0.12, ambao bado uko juu ya ule wa oili za kuokoa petroli. Usichukue FA-4, hiyo ni nyepesi na imetengenezewa malori mapya. Hapa huzuka pingamizi kwamba oili ya dizeli itaidhuru injini ya petroli kwa sababu ina sabuni nyingi. Kwanza, kama lebo ina herufi za S pia, oili hiyo imepita majaribio ya petroli. Pili, sabuni ni rafiki wa injini isiyo na filta. Kuna waliofundishwa kwamba oili isiyo na sabuni huacha uchafu utue chini ya sampu usizunguke. Lakini uchafu huo hutua pia kwenye kipoza na kwenye njia nyembamba, na hautoki unapomwaga oili. Sabuni huushika uchafu ndani ya oili, nao hutoka pamoja nayo. Injini iliyoishi miaka mingi na oili mbovu tu ndiyo iendewe taratibu: mimina oili mpya, tembea kilomita 500, imwage, mimina nyingine.

Oili za pikipiki nazo zinastahili kutajwa, maana boda boda ni injini ya kupozwa kwa upepo na oili yake iko kila kona. Zenye alama ya JASO MA hulazimika kuwa na fosforasi kati ya asilimia 0.08 na 0.12, kwa hiyo upande wa kamshafti hazina neno. Kasoro ni kwamba nyingi ni za 20W-50 au za gredi moja, na kununua chupa tatu za lita moja huenda kukakugharimu zaidi. Ukikwama njiani, jazia bila hofu.

Kuhusu sintetiki, dai kwamba huiharibu injini ya zamani halina msingi. Isipokuwa huweza kuufichua uvujaji uliokuwa umezibwa na uchafu. Huvumilia joto vizuri, na 5W-40 au 10W-40 yenye daraja la ACEA A3/B4 inafaa kabisa kwa kazi hii. Bado siioni kama matumizi mazuri ya fedha. Faida yake kubwa ni kudumu muda mrefu, na Beetle haiwezi kuitumia faida hiyo: haina filta, ina chujio la waya tu linalozuia vipande vikubwa, hivyo oili humwagwa kwa sababu ya uchafu kabla haijachoka yenyewe. Kila kilomita 5,000 itoke, iwe ya bei gani. Fedha za sintetiki zinunulie oili ya kawaida mara mbili. Hata aliyefunga pampu ya kisasa yenye filta asizidishe muda huo sana, kwa kuwa kabureta huacha petroli iteremke kwenye oili, na kiwambo cha pampu ya petroli kikitoboka huimwaga moja kwa moja kwenye sampu. Nusa kijiti cha kupimia. Kikinuka petroli, au kama oili imepanda badala ya kushuka, usiwashe hadi pampu itengenezwe. Beetle za mwisho kutoka Mexico, zenye sindano za petroli, filta na tapeti za haidroliki, zina kitabu chao na kifuatwe.

Vichupa vya kuongezea oili nguvu viache rafuni. Oili ni mchanganyiko uliopimwa. Kumimina zinki zaidi juu ya zinki iliyotosha hakumaanishi kinga zaidi, na huweza kuvuruga kazi ya viungo vingine. Kitu cha kuogopa kuliko vyote nilivyotaja ni oili feki, ambayo mara nyingine ni oili chafu iliyochujwa na kutiwa kwenye galoni yenye lebo ya kuvutia. Nunua kwa msambazaji anayejulikana, kagua sili ya kifuniko na tarehe ya kutengenezwa, na ukishamaliza itoboe galoni tupu ili isijazwe tena na mtu mwingine. Oili ya kawaida ambayo ni halali itaitunza injini yako kuliko ya bei kubwa isiyojulikana ilikotoka.

Siku ya kubadilisha, mwaga oili ikiwa moto, fungua na kile kibati cha chini kinachoshika chujio. Nati zake ni 6 na ni ndogo. Kava la magnesiamu hupoteza nyuzi zake kirahisi, kwa hiyo zisikazwe kwa mkono wa hasira, nyutonimita 7 zinatosha, na vasha za shaba na gasketi zake mbili ziwe mpya. Chunguza chujio kwa mwanga. Ute mweusi ni wa kawaida, vumbi la kung'aa linahitaji kufuatiliwa, na vipande vinavyoonekana kwa jicho ni beringi inayokwisha. Oili iliyotoka iweke kwenye dumu lililofungwa uipeleke gereji wanakoikusanya. Mtaroni itafika kisimani. Kisha chukua karatasi, andika kilomita za siku hiyo, aina ya oili uliyoweka, na psi ulizosoma injini ikiwa moto kwa mizunguko 2,500, uibandike ndani ya kifuniko cha injini huko nyuma. Baada ya mwaka au miwili, psi zikianza kushuka kutoka 28 kwenda 24, kisha 20, kwa oili ileile, hapo utakuwa na sababu ya kumwambia muuzaji akushushie ile galoni ya 20W-50.